Nani Ameituma Barua Hii? Sayansi ya Kumfuatilia Mtumaji wa Barua Pepe ya Uongo

Kila apokeaye barua hutaka kujua kwanza imetoka kwa nani. Katika barua ya karatasi jibu hutafutwa kwenye mwandiko, kwenye stempu, na kwenye muhuri wa posta uonyeshao mji na tarehe. Barua pepe haina mwandiko wala stempu, na jina la mtumaji lionekanalo juu yake laweza kuandikwa na yeyote, kama vile mtu yeyote awezavyo kuandika jina la waziri nyuma ya bahasha. Hata hivyo barua pepe nayo ina mihuri yake. Mihuri hiyo haionekani kwa msomaji wa kawaida, lakini ipo, na mwenye kujua kuisoma aweza kueleza mengi juu ya safari ya barua. Makala haya yanaeleza mihuri hiyo ni ipi, inasomwaje, na inaweza kuthibitisha nini. Mfano utakaotumika ni wa barua moja iliyofuatiliwa na wataalamu, waandishi wa habari na waendesha mashtaka kwa zaidi ya miaka miwili.

Barua ya tarehe 19 Machi, 2016

Siku ya Jumamosi, tarehe 19 Machi, 2016, John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton aliyekuwa akigombea urais wa Marekani, aliletewa barua pepe katika akaunti yake binafsi ya Gmail. Barua hiyo ilijitambulisha kuwa imetoka Google. Ilisema kwamba mtu fulani aliyeko Ukraine amejaribu kuingia katika akaunti hiyo kwa nywila ya mwenyewe, kwamba amezuiwa, na kwamba inampasa mwenye akaunti abadilishe nywila bila kukawia. Chini ya maneno hayo paliwekwa kitufe cha kubadilishia nywila.

Katika ofisi ya kampeni barua hiyo ilitiliwa shaka, ikapelekwa kwa mtaalamu wa kompyuta. Mtaalamu alijibu kwamba barua ni halali na kwamba nywila lazima ibadilishwe mara moja. Papo hapo akatoa anwani ya kweli ya Google ya kufanyia kazi hiyo. Baadaye mwaka huohuo alilieleza gazeti la The New York Times kwamba alikuwa amekusudia kuandika kuwa barua si halali. Katika Kiingereza tofauti ya maneno hayo mawili ni silabi moja tu. Kiungo kilichobofywa kikawa kile kilichokuja na barua ya uongo, wala si kile alichokitoa mtaalamu.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Barua zaidi ya 50,000 za Podesta ziliibwa. Tarehe 7 Oktoba, 2016, mwezi mmoja kabla ya siku ya kupiga kura, WikiLeaks ilianza kuzichapisha hadharani. Swali likaja: nani aliyeituma barua ile ya Machi?

Bahasha na karatasi ya ndani

Ili kuelewa kwa nini jina la mtumaji laweza kughushiwa, hapana budi kutazama jinsi barua pepe ilivyoanza. Mwaka 1971 mhandisi Ray Tomlinson wa Marekani alituma ujumbe wa kwanza kati ya kompyuta mbili zilizounganishwa na mtandao wa ARPANET, naye ndiye aliyeichagua alama ya @ kutenga jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mwaka 1982 Jonathan Postel aliandika kanuni za kupelekeana barua baina ya kompyuta, ziitwazo SMTP. Kanuni hizo, zikiwa zimerekebishwa, zingali zikitumika.

Siku zile watumiaji wa mtandao walikuwa wachache, wengi wao wakitoka katika vyuo na maabara, na haikuonekana haja ya kumhoji mtumaji kama jina analolitaja ni lake. Katika SMTP kompyuta inayotuma husema: “Ninayo barua kutoka kwa fulani, iende kwa fulani.” Maneno hayo ndiyo bahasha. Kisha hufuata barua yenyewe, na juu ya barua huandikwa tena jina la mtumaji. Jina hili la pili ndilo aonalo msomaji kwenye kioo cha kompyuta au simu. Majina hayo mawili si lazima yafanane, na kanuni za mwaka 1982 hazikumtaka mtu athibitishe lolote kati yake.

Kusoma mihuri kutoka chini kwenda juu

Barua pepe haisafiri kwa hatua moja. Huondoka kwenye kifaa cha mtumaji, ikapitia seva moja au zaidi, ndipo ikafika kwenye seva inayomtunzia mpokeaji barua zake. Kila seva inayoipokea huandika mstari wake juu ya barua, ukianza na neno la Kiingereza “Received”, yaani “Imepokewa”. Mstari huo hutaja seva iliyoileta barua, anwani yake ya mtandao, seva iliyoipokea, pamoja na tarehe na saa. Huo ndio muhuri wa posta wa barua pepe. Programu nyingi za barua huificha mistari hii, lakini karibu zote zina amri ya kuionyesha barua katika hali yake ya asili.

Kwa kuwa kila seva huweka mstari wake juu ya mistari iliyotangulia, safari husomwa kutoka chini kwenda juu. Mstari wa chini kabisa wadai kuwa ndio mwanzo wa safari. Mstari wa juu kabisa ni wa seva ya mpokeaji mwenyewe. Tuseme seva ya shule imeandika kwamba ilipokea barua kutoka anwani 192.0.2.25, anwani ambayo imetengwa kwa ajili ya mifano tu. Seva ya shule haikuipata namba hiyo kwa kuambiwa. Iliiona kwa sababu ilikuwa ikizungumza na mashine iliyo upande wa pili wa mawasiliano. Kwa hiyo mstari huo ni wa kuaminika.

Lakini mistari iliyo chini yake ilikuja pamoja na barua. Mlaghai aweza kuibuni mistari miwili au mitatu na kuibandika kabla ya kuituma barua, ili ionekane imetoka benki au katika nchi nyingine. Basi kanuni ya mchunguzi ni hii: huanza na muhuri anaouamini, yaani ule wa seva ya mpokeaji, kisha huteremka mstari baada ya mstari akiuliza kama kila mmoja unaoana na ulio juu yake. Je, seva iliyopokea katika mstari wa chini ndiyo iliyotuma katika mstari wa juu? Je, saa zinafuatana? Mahali mnyororo unapokatika ndipo imani nayo inapokoma.

Anwani iliyopatikana kwa njia hii hutafutwa katika daftari za hadhara. Ulimwenguni yapo mashirika 5 yanayogawa anwani za mtandao, kila moja kwa eneo lake. La Afrika huitwa AFRINIC, na makao yake yako Mauritius. Daftari za mashirika hayo hutaja kampuni iliyopewa kundi fulani la anwani. Hazitaji mtu aliyekaa mbele ya kompyuta.

Saini za kisasa na mipaka yake

Udhaifu wa kanuni za mwaka 1982 ulipodhihirika, wahandisi walibuni njia za kulithibitisha jina la mtumaji bila kuubomoa mfumo wote. Njia tatu zimeenea. Ya kwanza, SPF, iliyotangazwa kuwa kanuni mwaka 2006, humwezesha mwenye jina la kikoa kutangaza hadharani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Ya pili, DKIM, ya mwaka 2007, huitia barua saini ya kihesabu kwa ufunguo wa siri. Mpokeaji huikagua saini hiyo kwa ufunguo mwenzake uliowekwa hadharani, na kama sehemu ya barua iliyotiwa saini imebadilishwa, saini haikubali. Ya tatu, DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, hudai kwamba jina lililothibitishwa kwa njia hizo mbili lipatane na lile linaloonekana kwa msomaji, na humwambia mpokeaji afanye nini ikiwa hayapatani.

Ni muhimu kutambua saini hizi zinathibitisha nini. Zinathibitisha kwamba barua imeidhinishwa na mwenye kikoa kilichotajwa. Hazithibitishi kwamba mwenye kikoa hicho ni mwaminifu. Mlaghai aliyejisajilia jina lake mwenyewe, linalofanana na la benki kwa herufi zote isipokuwa moja, aweza kuzipita hatua zote tatu bila kizuizi. Mfano wake ulionekana katika kampeni ileile. Mnamo tarehe 6 Aprili, 2016, kwa mujibu wa hati ya mashtaka iliyotolewa baadaye, ilifunguliwa akaunti ya barua yenye jina la mfanyakazi anayefahamika wa kampeni, likiwa na tofauti ya herufi moja tu, na kutoka hapo barua zikapelekwa kwa wenzake zaidi ya 30.

Jina husomwa kutoka kulia

Ushahidi mwingine katika barua ya Podesta ulikuwa ndani ya kitufe. Kitufe hicho kilificha kiungo kifupi kilichotengenezwa na huduma ya Bitly, ambayo hufupisha anwani ndefu. Kilipofumbuliwa kilielekeza kwenye anwani iliyoanza hivi: myaccount.google.com-securitysettingpage.tk. Jicho lenye haraka huona neno “google.com” likaridhika. Jicho la mchunguzi husoma kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa majina ya mtandao hupangwa kama anwani ya posta, ambayo mstari wake wa mwisho ni nchi.

Kulia kabisa pana “tk”, kikoa cha Tokelau, visiwa vidogo vya Bahari ya Pasifiki vilivyo chini ya New Zealand. Wakati ule majina mengi ya kikoa hicho yalikuwa yakitolewa bila malipo. Kabla yake, kuelekea kushoto mpaka nukta ifuatayo, kuna “com-securitysettingpage”. Hilo ndilo jina lililosajiliwa, na mwenye jina hilo ndiye mwenye tovuti. Maneno “google” na “myaccount” yaliyobaki kushoto ni vyumba alivyojipangia mwenye nyumba. Aweza kuviita atakavyo. Katika anwani ya kweli, baada ya “google.com” jina la kikoa huwa limekwisha, na alama ifuatayo aghalabu ni mkwaju. Hapa palikuwa na kistari, na kistari hicho kimoja kiliigeuza anwani yote.

Kiungo kifupi kilichosema mengi

Katika sehemu ya mwisho ya anwani ile ndefu palikuwa na mfululizo wa herufi na tarakimu usioeleweka. Haukuwa fumbo la siri. Ulikuwa maandishi ya base64, njia ya kuandika data kwa alama 64: herufi kubwa 26, herufi ndogo 26, tarakimu 10 na alama nyingine 2. Kila herufi ya kawaida katika kompyuta huandikwa kwa biti 8. Base64 huchukua herufi tatu, yaani biti 24, na kuzigawa upya katika mafungu manne ya biti 6.

Chukua neno “Mti”. M ni 01001101, t ni 01110100, na i ni 01101001. Zikiunganishwa na kugawanywa kwa sita sita hupatikana 010011, 010111, 010001 na 101001, yaani namba 19, 23, 17 na 41. Ukihesabu kuanzia A kuwa 0 hadi Z kuwa 25, kisha a kuwa 26 na kuendelea, namba hizo ni T, X, R na p. Hivyo “Mti” huwa “TXRp”, na yeyote mwenye kalamu aweza kurudi nyuma kutoka “TXRp” hadi “Mti”.

Katika viungo vya walaghai, maandishi hayo yalibeba anwani ya barua ya mlengwa. Shabaha yao ilikuwa kwamba ukurasa wa uongo ufunguke ukiwa tayari na maelezo ya mtu huyo, ili aamini kwamba Google inamfahamu. Lakini hila hiyo iliwageuka. Kila kiungo kilikuwa kimetaja kimoyomoyo jina la mtu aliyelengwa.

Kosa jingine likawafichua zaidi. Viungo hivyo vifupi vilitengenezwa kwa kutumia akaunti za Bitly ambazo hazikufungwa zisionekane na watu wengine. Wataalamu wa kampuni ya usalama wa kompyuta iitwayo SecureWorks waliokuwa wakilifuatilia kundi hilo waliweza kuviona viungo vingi vilivyotengenezwa, na kwa kila kiungo wakasoma nani alikuwa amelengwa. Katika taarifa ya Juni 2016 walieleza kwamba kati ya katikati ya Machi na katikati ya Mei mwaka huo walikuta viungo 213 vilivyoelekezwa kwa anwani 108 za kampeni ya Clinton. Mwaka 2017 shirika la habari la Associated Press lilichambua orodha ya viungo kiasi cha 19,000 vilivyokusanywa na kampuni hiyo, vikiwa vimewalenga watumiaji wa Gmail wapatao 4,700. Waliolengwa ni pamoja na maofisa wa Ukraine, wapinzani wa serikali ya Urusi, wanahabari, na watu wa majeshi na viwanda vya silaha vya Marekani. Orodha ya walengwa yenyewe ikawa ushahidi, kwani ni nadra mtu mmoja kuwa na haja na watu wote hao.

Ushahidi wa saa

Associated Press iligundua pia kwamba zaidi ya asilimia 95 ya viungo vile vilitengenezwa kati ya saa 3 asubuhi na saa 12 jioni kwa saa za Moscow, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwizi wa kawaida hufanya kazi apatapo nafasi. Hawa walionekana kama watu wenye ofisi na mshahara.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kutua na kufikiri. Tangu Oktoba 2014 saa ya Moscow imekuwa mbele ya saa ya ulimwengu kwa saa 3, sawa kabisa na saa ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Saa za kazi za Moscow ndizo pia saa za kazi za miji hii. Kama ushahidi ungekuwa saa peke yake, karani wa Dodoma angeweza kutiliwa shaka sawasawa na ofisa wa Moscow. Ndiyo sababu hakuna mchunguzi mwangalifu anayehukumu kwa alama moja. Saa, orodha ya walengwa, majina ya vikoa, na desturi za kundi lililokwisha kujulikana huwekwa pamoja, na nguvu yake hutokana na kukubaliana kwake.

Kutoka kwenye mashine hadi kwa mtu

Tarehe 13 Julai, 2018, waendesha mashtaka wa Marekani walifungua mashtaka dhidi ya maofisa 12 wa idara ya ujasusi wa jeshi la Urusi, GRU. Hati yao ilidai kwamba barua iliyopelekwa kwa Podesta ilitumwa na Aleksey Lukashev wa Kikosi namba 26165 pamoja na wenzake, na ilitaja hata jina la akaunti iliyotumika kufupisha kiungo. Serikali ya Urusi imekana kuhusika. Washtakiwa hawakufika mbele ya mahakama ya Marekani, na kwa hiyo madai hayo hayajapimwa katika kesi.

Hatua hii ya mwisho, ya kutoka mashine hadi mtu, ndiyo ngumu kupita zote. Anwani ya mtandao humfikisha mchunguzi kwa kampuni ya mawasiliano. Kampuni za simu mara nyingi huwapa wateja wengi anwani moja kwa wakati mmoja, hivyo kumpata mmoja wao huhitaji saa kamili, hata sekunde, pamoja na kumbukumbu za ndani za kampuni. Kumbukumbu hizo hutolewa kwa vyombo vya dola kwa utaratibu wa sheria, wala si kwa mtu binafsi aliyekasirika. Tena mashine yenyewe yaweza kuwa ya mtu asiye na hatia, iliyotekwa na mlaghai aliye mbali. Anayemtangaza jirani yake kuwa mwizi kwa sababu ya namba aliyoiona kwenye barua aweza kumdhulumu mtu, na dhuluma hiyo haiwi ndogo kwa kuwa imetokana na kompyuta.

Yampasayo mpokeaji

Kwa mtu wa kawaida faida kubwa ya elimu hii ni kutambua mapema. Kumkamata mlaghai ni kazi ya wengine. Barua inayotisha na kuharakisha, ikidai kwamba akaunti iko hatarini, isijibiwe kwa kubofya kilichomo ndani yake. Mpokeaji aifungue huduma hiyo kwa kuiandika anwani anayoijua mwenyewe, na aangalie huko kama lipo onyo lolote. Ulinzi wa pili, kama vile ufunguo wa usalama unaochomekwa kwenye kompyuta, huzuia hasara hata nywila ikiibwa, kwa kuwa ufunguo huo haukubali kujibu tovuti yenye jina lisilo lake. Barua yenyewe isifutwe. Ihifadhiwe pamoja na mistari yake yote iliyofichika, kwani ikipelekwa kwa mwingine kwa njia ya kawaida mihuri yake hupotea. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018. Malalamiko yaliyoambatana na barua kamili ndiyo yanayowapa wachunguzi pa kuanzia.

Kazi kwa darasa

1. Fungua barua pepe yoyote halali katika hali yake ya asili. Hesabu mistari ya “Received”, isome kutoka chini, na upime ilichukua sekunde ngapi kufika.

2. Andika neno la herufi tatu kwa base64 kwa mkono, kisha mpe mwenzako alirudishe.

3. Katika anwani benki.co.tz.malipo-salama.tk, jina lililosajiliwa ni lipi? Eleza ulivyojua.

4. Wanafunzi wawili wamepokea barua ya vitisho, na daftari za hadhara zinaonyesha kwamba imetoka katika anwani ya kampuni moja ya simu. Jadilini: ni yapi yaliyothibitishwa, na ni yapi ambayo bado hayajathibitishwa?